Tamthilia ya Kichina ya mapenzi na majini: nilipie iQIYI, WeTV, Viki, au nichukue ya flashi?

binti_Mikocheni
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri wa haraka kabla mshahara haujayeyuka. Kuna tamthilia ya Kichina imewashika wenzangu wote ofisini, ile ya kabinti ka mbinguni kanakomfungulia shetani gerezani bila kujua, halafu wanabadilishana miili. Nimeona vipande TikTok nikacheka mpaka bosi kageuka. Wikiendi hii nataka nianze rasmi, nilipie mwezi mmoja tu nione. Nipo njia panda kwenye hizi programu za kuangalia mtandaoni: iQIYI, WeTV au Viki? Au nimpelekee yule jamaa wa muvi flashi aniwekee iliyotafsiriwa? Ipi nafuu na ipi nzuri? Asanteni.

kobe_mzee
Mleta mada, unaangalia kwa simu au TV? Bando au waifai? Kiingereza cha kusoma mbiombio unakiweza? Na jina la tamthilia hujataja. Umekuja kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu ananyamaza.

shangazi_Nyali
Mwacheni mtoto wa watu, mimi nimeshaijua. Hiyo ni Love Between Fairy and Devil ya mwaka 2022, episodi 36. Binti ni Esther Yu, shetani ni Dylan Wang, na nakuambia mapema mwanangu, utamsamehe yule shetani kila kitu kuanzia episodi ya tano. Ni kazi ya iQIYI wenyewe, kwa hiyo ukilipia WeTV kwa ajili ya hiyo utakuwa umetupa hela baharini. WeTV ni nyumba ya kampuni ya Tencent, programu nyingine ya Youku ni ya Alibaba, na kila mmoja anakaa na vyake. Netflix nao waliichukua kwa baadhi ya nchi. Itafute kwanza kama kwenu ipo, ndipo utoe pesa.

binti_Mikocheni
Shangazi asante sana! Ndiyo hiyo hiyo. Naangalia kwa simu, bando. Sina shida na Kiingereza.

kobe_mzee
Haya, sasa tunaongea. Kwa bando piga hesabu kabla ya kulipia chochote. Episodi moja chukulia dakika 45, mara 36 ni kama saa 27. Netflix wenyewe wanasema ubora wa kawaida unaweza kula hadi GB 1 kwa saa, na HD hadi GB 3. Kwa hiyo tamthilia moja ni GB 27 kwa ubora wa kawaida, na ukiwa mtu wa HD ni GB 80 na ushee. Kwenye simu Netflix wana mpangilio wa kubana data unaokupa kama saa 6 kwa GB 1, hapo unamaliza yote kwa GB 4 na nusu hivi. Picha haitakuwa kali, ila kwenye kioo cha simu nani anahesabu nyuzi za vazi? Bei ya kulipia mwezi ni ndogo, bando ndilo linalokufilisi.

mnyamwezi_mtulivu
Mnahangaika bure. Wakorea walishamaliza hii kazi zamani. Goblin, episodi 16 tu, ina jini, ina mapenzi, ina kichekesho, unaangalia unalia unaenda kulala. Mchina episodi ishirini za mwanzo anakutambulisha majina ya milima tu.

shangazi_Nyali
Mnyamwezi, uzi ni wa Kichina. Nenda kafungue wako.

Chausiku_Tanga
Dada, kwenye suala la flashi naomba nikusimulie yaliyonikuta, uamue mwenyewe.

Nilitaka The Starry Love, ile ya 2023 ya mapacha wawili wanaoolewa, mmoja aende mbinguni mwingine kwa majini, halafu wanajikuta kila mmoja kwa mume wa mwenzie. Episodi 40. Nikaenda kwa kijana mmoja wa muvi hapa mtaani, nikampa flashi, nikalipa. Akaniambia "dada hii imetafsiriwa na DJ mkali kabisa". Nikachoma na karanga, nikakaa.

Kwanza, DJ ni mmoja na ndiye anaongea watu wote. Stelingi wa kike ana sauti ya kondakta wa daladala. Mfalme wa mbinguni kambatiza Mzee Pilato. Majini yote yanaitwa "washkaji wa Gongo la Mboto". Nikasema sawa, ni mbwembwe, tucheke. Lakini ikifika sehemu ya maana, wamesimama kwenye theluji, mwanaume anataka kufungua moyo, DJ anaanza kutoa salamu! Anawasalimia watu wa Mbagala, anawasalimia wa Temeke, anatoa namba yake ya simu kwa wanaotaka hadi diski zilizojaa. Akimaliza salamu, wale wawili wameshaachana na sijui wameambiana nini.

Kuna mahali yule mwana wa mfalme wa mbinguni roho yake inagawanyika mara tatu, anakuwa wanaume watatu tofauti duniani. Ndiyo sehemu tamu kuliko zote. DJ hakuielewa, akasema "hawa ni wadogo zake". Episodi kumi nzima mimi najua ni wadogo zake! Nashangaa huyu dada mbona anachanganya familia.

Kilichoniua ni mwisho. Nafika episodi ya 31, nafungua, nakuta Wachina wanapigana na Wajapani kwenye mitaro. Nafungua ya 32, mitaro. Mpaka ya 40 mitaro. Nikarudi kwa kijana. Akanitazama usoni bila haya, akaniambia "dada ndivyo ilivyoisha, walikwenda vitani".

binti_Mikocheni
😂😂😂 "walikwenda vitani" nimelia

msee_wa_Eastlands
Wasee mnatusi ma-DJ bure. Huku Nairobi tumekulia kwa DJ Afro. Hiyo ndiyo ilikuwa shule ya muvi. Picha haina DJ ni kama unaangalia CCTV ya benki. Na kama ni kichekesho, DJ anaongeza kichekesho juu ya kichekesho.

kobe_mzee
Enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, huku kwetu ilikuwa hivyohivyo, kibanda kizima kinacheka. Lakini zile zilikuwa picha za ngumi, hata ukikosa maneno unaona mtu kapigwa. Hizi za mapenzi utamu upo kwenye maneno.

tz_Wuhan
Habari wakuu, mimi nasoma huku China, nafuatilia uzi nikicheka peke yangu bwenini. Niongeze mawili matatu.

Mleta mada usishangae ukiona midomo haiendani na sauti hata kwenye Kichina chenyewe. Tamthilia nyingi huku sauti zinarekodiwa upya studio na watu wengine kabisa, kwa sababu kwenye seti kuna kelele, na waigizaji wengine lafudhi za mikoani kwao zinasikika. Kwenye hiyo yako Esther Yu ameongea mwenyewe. Ana sauti nyembamba ya kudeka, wengine inawakera, wengine ndiyo ugonjwa wao. Vumilia episodi mbili, sikio litazoea. Halafu kuna ile laana inayowaunganisha: yeye akiumia, shetani anaumia; yeye akisikitika, shetani ambaye hajawahi kuhisi kitu anaanza kutoa machozi mbele ya majemedari wake na hajui kwa nini. Hapo hata mlinzi wa bweni letu alisimama dirishani kuangalia.

Pia kuna hesabu zao za muda. Mtu kafungwa miaka 30,000 anatoka nywele hazijachakaa. Siku moja mbinguni ni mwaka mmoja duniani. Usihoji, kubali tu.

Na kuhusu urefu: Februari 2020 mamlaka ya utangazaji ilitoa waraka wa kutaka tamthilia zisizidi episodi 40. Ndiyo maana za zamani kama Eternal Love ya 2017 zina 58, Ashes of Love ya 2018 ina 63, ila mpya nyingi zinaishia 36, 38, 40. Kwa mtu wa bando ni neema.

Chausiku_Tanga
Mdogo wangu wa Wuhan, mbona za kisasa, zenye magari na ofisi, hazina mizimu? Zote mizimu iko zama za kale.

tz_Wuhan
Dada umeuliza swali zuri. Kanuni za huku hazitaki kazi zinazoeneza ushirikina, kwa hiyo mzimu kwenye ghorofa la Shanghai ni tabu kupita. Hadithi za miungu na waja wa milimani zinapita kwa sababu ni ngano za kale. Wachina wenyewe wana utani mtandaoni kwamba tangu nchi iundwe 1949 wanyama wamekatazwa kugeuka majini. Ndiyo maana ukitaka ya kisasa unapewa mgeni wa sayari nyingine. Tafuta My Girlfriend is an Alien ya 2019, episodi 28, ya Tencent. Binti katoka anga za mbali, mwanaume ni bosi ambaye mvua ikinyesha anawasahau wanawake aliokutana nao. Mwigizaji huyo wa kiume ametokea Thailand. Ni nyepesi, hakuna vita vya mbinguni. Hiyo sasa ndiyo utalipia WeTV.

mnyamwezi_mtulivu
Mvua ikinyesha anasahau wanawake? Mbona hao tunao wengi tu na si wa tamthilia.

ustadhi_mdogo
Assalaam aleikum. Nimesoma kimya lakini niseme. Mnacheka mambo ya binadamu kupendana na shetani. Jini mahaba si tamthilia. Kuna mabinti wanakosa ndoa, wanaota mwanaume yuleyule kila usiku, mnapeleka macho kwenye vitu hivi masaa ishirini na saba mfululizo. Tahadharini.

shangazi_Nyali
Waaleikum salaam mwanangu. Mimi nimezaliwa Mombasa, bibi yangu alikuwa na kiti chake cha kupungia na najua sauti ya ngoma za pepo kuliko wewe. Jini mahaba halijawahi kuvaa hariri nyeupe na kupika supu kwa ajili ya mke. La kwetu linataka ubani, udi, pete na mafuta ya waridi, na likikasirika unalala wiki. Hilo la Kichina limelelewa.

ustadhi_mdogo
Shangazi, nakuheshimu, lakini mlango ni mlango.

msee_wa_Eastlands
Ustadh, na ile ya Kituruki unaonaga na wife saa mbili usiku ni mlango ama ni dirisha?

ustadhi_mdogo
Ile ni ya historia.

kobe_mzee
Turudi kwenye mada jamani. Viki hakuna aliyeisema. Mimi ndiyo ninayoipenda. Maandishi yake mengi yanaandikwa na mashabiki wa kujitolea, kwa hiyo wanakuwekea hadi maelezo mafupi juu ya skrini: huyu anamwita yule kaka kwa sababu ni mwanafunzi mkubwa wa mwalimu wao, si ndugu. Bila hayo mtu unafikiri ukoo mzima unaoana. Kasoro ni haki za kuonyesha, kuna tamthilia zinafunguka Marekani huku kwetu zimefungwa. Kwa hiyo nakazia: jisajili bure, tafuta unachotaka, ukikiona kinacheza ndipo ulipe. Na iQIYI, WeTV na Youku wote wana chaneli YouTube wanaweka baadhi ya tamthilia nzima, na matangazo. Anza hapo kabla hujafungua pochi.

Chausiku_Tanga
Kuna programu moja nililipia, siitaji, nikajitoa na bado ikakata mwezi uliofuata. Tumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, ukimaliza uiache haina salio. Hawatakupata.

binti_Mikocheni
Jamani asanteni, nimejifunza mengi. Nilikuwa nimeshaamua iQIYI. Ila kuna jambo moja: kwa kweli nitaangalia na mama mkwe, kaja toka Kigoma yuko kwetu mpaka mwezi ujao. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania baada ya kuona zile za TikTok. Kiingereza hasomi, na miwani kaisahau huko.

kobe_mzee
Dada!!! Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ya uzi!

msee_wa_Eastlands
DJ ameshinda. Mimi nilisema.

Chausiku_Tanga
DJ na mama mkwe? Zile salamu za Temeke mama atafikiri ni sehemu ya hadithi.

tz_Wuhan
Basi hapo chaguo ni zile za king'amuzi cha StarTimes, wana chaneli ya ST Swahili yenye tamthilia za Kichina zilizoingizwa sauti za Kiswahili na waigizaji kabisa, mwanamke anaongea mwanamke. Mwaka 2011 TBC walirusha ile ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa anatoka saa hiyo. Hata Xi Jinping alipohutubia Dar Machi 2013 aliitaja. Tatizo hutachagua, unaangalia inayorushwa. Hiyo ya shetani na kabinti sijaiona kwa Kiswahili cha namna hiyo.

shangazi_Nyali
Au kaa naye umsimulie mwenyewe, unasoma unamwambia. Mimi nilimfanyia hivyo marehemu mama, kila mtu alikuwa anaongea kwa sauti yangu. Alikuwa ananigombeza kwa makosa ya yule shetani.

mnyamwezi_mtulivu
Episodi 36 za kumsimulia mama mkwe ndani ya mwezi mmoja. Goblin ni 16. Nimemaliza.

binti_Mikocheni
😂 Mnyamwezi umenifikirisha. Ila mama anamtaka yule wa nywele ndefu. Hiyo StarTimes, mama akirudi Kigoma ataipata pia? Maana nikimzoesha hapa halafu akakosa huko nitasikia simu kila jioni.

fundi_antena
Inategemea anakaa wapi. Wana ya antena na ya dishi. Antena inahitaji uwe karibu na mnara wao, mjini sawa. Kama yupo vijijini chukua dishi moja kwa moja, na king'amuzi kinunue cha dishi, usichanganye, vya antena haviingiliani. Yupo Kigoma mjini au upande wa Kasulu?