Mafundi, acheni kutangaza "mazabodi imekufa" kabla hamjashika mita ya kupimia volti!

Wakuu, hili limezidi sasa. Kompyuta ya mezani ya miaka kumi na tano inapelekwa kwa fundi kwa sababu haiwaki. Fundi anabonyeza swichi mara mbili, anachungulia ndani, kisha hukumu: "Mazabodi imekufa, tafuta mashine nyingine." Hajapima waya hata mmoja, hajachomoa RAM (vibao vya kumbukumbu). Mteja anaondoka mikono mitupu na ile "maiti" inabaki dukani, baadaye inauzwa ikiwa nzima. Huo ni wizi.

Kwenye mashine kuukuu mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa na RAM, ndiyo ya kushukiwa mwisho. Wa kwanza ni pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya mashine. Chomeka waya wa umeme ukutani kabla ya lolote: waya wa zambarau unaotoka kwenye pawa saplai lazima usome volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa. Usiposoma, swichi ya mbele utaibonyeza mpaka kesho. Halafu chomoa plagi kubwa ya pini 24 kutoka kwenye mazabodi, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya. Feni ikizunguka usishangilie, na hapa ndipo wengi wanapokosea, maana feni huzunguka hata volti zikiwa zimeshuka. Weka mita: njano 12, nyekundu 5, chungwa 3.3, tofauti isizidi asilimia 5. Njano ikisoma chini ya 11.4 umeshampata mgonjwa.

Ikisoma vizuri, rudisha plagi, washa mashine, pima tena kwa kupenyeza ncha ya mita upande wa nyuma wa plagi. Pawa saplai iliyochoka husoma 12 safi ikiwa haina mzigo, kisha inaporomoka prosesa ikianza kula umeme. Ila boksi lenyewe usilifungue kama hujui unachofanya: kapasita kubwa za ndani (vikopo vinavyohifadhi umeme) huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa ukutani.

Volti ziko sawa? Zima, chomoa waya ukutani, toa RAM zote, washa. Ikilia milio, furahi: prosesa na mazabodi viko hai, vinalalamika tu kwamba RAM haipo. Sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha moja moja mpaka vibano vilie "ta". Vumbi na unyevu, hasa huku pwani, huacha utando hafifu kwenye meno hayo, na utando huo peke yake unatosha kukuachia skrini nyeusi.

Saa inarudi nyuma na tovuti zinakataa kufunguka? Ni betri ya CR2032, ile ndogo ya duara kwenye mazabodi inayotunza saa; tarehe ikikosewa, tovuti salama hukataa. Mpya ina volti 3. Ikishuka chini ya 2.7 badilisha. Kumuuzia mtu Windows mpya kwa tatizo hili ni aibu!

Mashine za miaka ya 2000, angalia kapasita zinazozunguka prosesa. Kichwa kiwe bapa. Kikivimba au kikitoa ukoko wa kahawia, imekwisha. Dell Optiplex GX270 zilisumbua sana kwa hili. Hapo kweli mazabodi inaumwa, lakini inatibika: chomelea mpya zenye mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, za nyuzi joto 105, aina ya ESR (ukinzani wa ndani) ndogo. Mstari ubavuni ni upande wa hasi. Ukigeuza, inaweza kulipuka.

Na diski: soma SMART (rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe, kila kipimo kina namba yake) kabla ya kuformati. Namba 199 ikipanda, shuku kebo ya SATA kwanza. Namba 5 na 197 zikipanda, diski inakufa. Nakili data leo hii, usiiformati.

Wateja, kabla hujaacha mashine dukani andika ukubwa wa RAM na namba ya diski, piga na picha. Ukiambiwa imekufa, uliza waya wa njano umesoma volti ngapi. Akibabaika, hajapima. Beba mashine yako.