Mjadala: Wiki moja ndani ya chombo, huko nje zimepita ngapi?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Jumamosi meza yetu ilivunjika saa nne usiku, na dadu hazikuhusika. Tunacheza Traveller, mchezo wa kuigiza wahusika uliotoka Marekani mwaka 1977: mnakaa mezani na karatasi na penseli, mmoja anakuwa mwamuzi, waliobaki ni mabaharia wa angani. Mwamuzi ni mimi. Chombo kikaingia kwenye mruko (safari ya kutoka nyota moja hadi nyingine kwa kuipita kasi ya mwanga), nikasema, "Haya, siku saba zinapita, mnafanya nini?"

Mmoja akacheka. Siku saba za nini? Chombo kimepita kasi ya mwanga, na kila aliyesoma fizikia anajua ukienda mbio hivyo saa yako inapunguza mwendo. Kwake ndani ingepita nusu saa, nje ipite miaka. Mwingine akadakia kwamba yote hayo ni kupoteza muda, sema tumefika twende kazini. Tukabishana mpaka chai ikapoa, kila mtu akafunga daftari lake.

Msimamo wangu ni huu: wiki ndani ni wiki nje, na wiki hiyo hairukwi.

Kwa wasioujua mchezo, kanuni yenyewe ni kwamba mruko unachukua takriban wiki moja, uende parseki 1 au parseki 6 (parseki moja ni miaka ya mwanga 3.26). Injini kubwa inakufikisha mbali zaidi, lakini haikufikishi mapema. Matoleo ya kampuni ya Mongoose yanasema saa 148, kisha urushe dadu sita ujumlishe, kwa hiyo ni kati ya saa 154 na 184. Hata rubani hajui atatokea asubuhi au usiku.

Sasa njooni kwenye daftari la chombo, maana ndipo hoja yangu ilipo. Katika matoleo ya mwanzo, chombo cha mfanyabiashara mdogo ni cha tani 200, bei yake krediti (pesa ya mchezo) milioni 37.08. Hakuna mwenye pesa hiyo, unakopa. Marejesho ni krediti 154,500 kila mwezi kwa miaka 40. Wiki moja uko ndani ya mruko, wiki moja bandarini unatafuta mzigo, kwa hiyo unapata safari mbili kwa mwezi. Mzigo unalipwa krediti 1,000 kwa tani na chombo kinabeba tani 82. Ukikijaza safari zote mbili unapata 164,000. Toa marejesho, inabaki 9,500, na hujanunua mafuta, hujalipa rubani wala mhandisi, na kila chumba chenye mtu kinakula krediti 2,000 kwa safari kwa ajili ya hewa na chakula. Abiria wa daraja la juu wanaolipa 10,000 kila mmoja ndio wanaokuvusha.

Tuseme basi yule mchezaji wangu ameshinda: wiki moja ndani, mwaka mmoja nje. Mnatoka kwenye mruko mnadaiwa marejesho 12, yaani krediti 1,854,000, kwa safari iliyoingiza elfu 82. Benki haikupanda chombo, saa yake haikupungua kitu. Biashara imekufa siku ya kwanza, na mchezo nao umekufa.

Karibuni tubishane.

Mchangiaji wa 2 (nafundisha fizikia sekondari)

Mkuu, hesabu yako ya mkopo nimeipenda, lakini wewe na mchezaji wako wote mna kasoro.

Saa kupunguza mwendo si hadithi. Einstein aliieleza mwaka 1905. Mwaka 1971 wanasayansi wawili, Hafele na Keating, walipanda ndege za kawaida za abiria na saa za atomu wakaizunguka dunia; walipolinganisha na saa zilizobaki chini, zilikuwa zimeachana kwa kiasi cha nanosekunde (namaanisha sekunde iliyogawanywa kwa bilioni, msinisome vibaya). Saa za setilaiti za GPS nazo zisiporekebishwa zinatangulia za ardhini kwa mikrosekunde 38 kila siku: kasi inazichelewesha 7, kuwa mbali na uvutano wa dunia kunaziharakisha 45. Bila marekebisho hayo dereva wa bodaboda angekufuata mtaa wa tatu.

Lakini hiyo yote ni CHINI ya kasi ya mwanga. Chukua nyota ya jirani, Proxima Centauri, umbali wa miaka ya mwanga 4.24. Ukienda kwa asilimia 80 ya kasi ya mwanga, nyumbani wanahesabu miaka 5.3, wewe unahesabu 3.18. Kadiri unavyoikaribia kasi ya mwanga pengo linakua. Ukiipita, fomula ya Einstein inakudai kipeuo cha pili cha namba hasi. Haisemi saa imesimama, haisemi inarudi nyuma. Imegoma kujibu. Kwa hiyo anayesema "fizikia inataka nusu saa" anaisingizia fizikia.

Ukitaka mfano kutoka kwa wanafizikia wenyewe, mwaka 1994 Alcubierre, Mmeksiko, alionyesha kwa hesabu kwamba chombo kinaweza kukaa ndani ya povu la anga, mbele anga inabana, nyuma inatanuka. Aliyemo ndani saa yake inakwenda sawa na za nyumbani. Shida ni kwamba povu lenyewe linahitaji nishati hasi, na hiyo haiuzwi Kariakoo.

Kasoro yako wewe, mleta mada, ni kudhani kwamba "wiki ndani, wiki nje" ni jambo jepesi. Nje wapi? Watazamaji wawili wanaopishana kwa kasi hawakubaliani matukio gani yametokea kwa wakati mmoja. Ukiruhusu safari za kupita mwanga bila kuchagua saa moja ya ulimwengu mzima, mjanja atapanga miruko miwili arudi kabla hajaondoka. Traveller imechagua saa hiyo kimyakimya. Sina ugomvi nayo, ila ijulikane kuwa imechagua.

Mchangiaji wa 3

Mwalimu, heshima yako. Mimi niko na yule mchezaji aliyecheka, na sijali fomula.

Tunacheza Lancer, mchezo mwingine wa aina hii. Kule kuna malango, ukipita ni kufumba na kufumbua. Lakini penye sayari isiyo na lango unakwenda kwa kasi inayokaribia ya mwanga, na pengo la miaka linakuwepo kweli. Mhusika wangu aliondoka bintiye akiwa na miaka sita, akarudi binti kamzidi umri. Ile dakika mezani hakuna aliyegusa simu. Wewe na marejesho yako ya 154,500 utaipata wapi hiyo?

Mchangiaji wa 4

Jamani tuna saa nne za kucheza kwa wiki, watoto wamelala, mke kavumilia. Nizitumie kusimulia watu wakicheza karata ndani ya chombo? Mchezo wa Starfinder umemaliza: dadu moja ya pande sita kwa safari ya ndani ya mfumo mmoja wa jua, tatu kwa anga ya karibu, tano kwa ya mbali, gawa kwa ubora wa injini, hizo ndizo siku. Andika pembeni, endelea. Majeraha yamepona, tumefika.

Mchangiaji wa 5 (Lamu)

Naona mwasahau habari. Hapa kwetu jahazi zilikuja na kaskazi, zikarudi na kusi. Babu yangu alikuwa baharia, na aliyoyasimulia sana si mawimbi, ni kungoja. Mtu katoka Muscat na neno la kifo cha nduguye mtu, lakini neno lile haliwezi kumtangulia chombo. Wakilileta, marehemu ana miezi kaburini na huku walikuwa bado wamuombea afya. Mimi nilipousoma huo mchezo wa mleta mada, lililonishika ni hilo: hakuna redio ipitayo chombo. Habari yapanda chombo kama mzigo mwingine.

Mleta mada

Mzee wa Lamu, hapo umenisaidia kuliko nilivyojisaidia. Kuna vyombo vya barua kule, havina hata injini ya kawaida ya kuzungukia bandarini. Kinaruka parseki 4, kinatokea, kinarusha barua zote kwa chombo kingine kilicho tayari, hicho nacho kinaruka, na cha kwanza kinasubiri kuja kuokotwa. Njia ya parseki 40 ni wiki kumi hata mambo yakienda vizuri. Gavana wa mpakani anatoa amri kwa habari za miezi iliyopita. Ukifanya safari iwe ya nusu saa ndani na nje, himaya nzima ya nyota za mchezo inakuwa mtaa mmoja wenye simu.

Mchangiaji wa 4, sikukatalii muda wako ni mdogo. Ila sisimulii karata. Natoa swali moja tu kwa meza: katika siku hizi saba nani hakuongea na nani? Dakika kumi, basi. Mara ya mwisho mhudumu wetu alikiri kwamba abiria mmoja alishamlipa pesa asiandike jina lake. Ningesema "tumefika" hilo lisingetoka.

Mchangiaji wa 3, la binti sina jibu. Ni zuri. Lakini ukilifanya mara mbili halitauma tena, na mimi kampeni yangu (hadithi moja tunayoicheza kwa vikao vingi) inaruka mara 25 kwa mwaka.

Mchangiaji wa 3

Sawa, nikupe hiyo. Lakini jibu hili: kwenye meza yangu rubani kakaa ndani ya chombo miezi mitatu, bandarini imepita miaka minne. Mshahara wake unahesabiwa kwa saa ya nani?

Mleta mada

Ya chombo. Kafanya kazi miezi mitatu.

Mchangiaji wa 3

Na benki ulisema inahesabu kwa saa ya nani?

Mchangiaji wa 4

Hapo mimi nashuka bandari ijayo.