Fenobabitoni na ini lenye mafuta: kaka aache dawa?

MamaDagaa_Kirumba: Wakuu, habari za jioni. Nauza dagaa pale Mwaloni. Kaka yangu ana kifafa tangu utotoni, humeza fenobabitoni kila usiku, na imemtuliza kiasi kwamba siku hizi wenzake wanamchukua mtumbwini. Juzi kapigwa ultrasaundi, wakasema ini lina mafuta. Pombe hagusi, Msabato wa kweli, ila soda haikauki mkononi na kilo zinakaribia mia. Wifi kasoma kwamba watafiti wanaihusisha dawa hiyo na mafuta ya ini, anataka aiache. Nisaidieni.

Mfamasia_Igoma: Dada, asiache! Ukiikatisha ghafla, degedege linaweza kuja mfululizo bila kukatika, na hilo huua upesi kuliko hayo mafuta.

Sasa utafiti. Fenobabitoni huamsha kwenye ini kipokezi kiitwacho CAR, na vimeng'enya vya kuvunjavunja dawa huongezeka. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walikiamsha kipokezi hicho kwa panya wanene, tena kwa kemikali nyingine, TCPOBOP, na mafuta ya ini yakapungua. Lakini kuna majaribio mengine, panya wakilishwa chakula kisicho na virutubisho viitwavyo methionini na kolini, ambapo wenye CAR waliumia ini zaidi ya waliozaliwa bila nacho. Wifi yako alisoma lipi kati ya hayo? Yote ni ya panya. Mtu wa kilo mia na soda zake, mimi ningeanza na soda.

Na wakipima GGT, kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu, ikaonekana juu, msishtuke: fenobabitoni huipandisha hata ini likiwa zima.

Nyegezi_Baba2: Afadhali umesema. Mniruhusu niongeze: wakitaka kubadilisha dawa kwa ajili ya ini, waulize kabla ya kukubali valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Hiyo ndiyo inayojulikana kunenepesha na kuweka mafuta kwenye ini. Halafu dada, huo mtumbwi! Mgonjwa wa kifafa majini usiku?

MamaDagaa_Kirumba: Amekataa kushuka, anasema ndiyo riziki. Kesho nitaongea na tajiri wa mtumbwi mwenyewe, ampe kazi ya kuanika huku nchi kavu. Na kuhusu uzito, apunguze kiasi gani?

Mfamasia_Igoma: Asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake, polepole. Kwake ni kama kilo saba hadi kumi. Dagaa ale, ila wa kuchemsha. Ugali apunguze bonge. Arudi kwa daktari wake wa kifafa na majibu ya ultrasaundi mkononi.