Urembo wa nje wa madirisha karibu na bahari: mbao, alumini au zege?

PwaniKwetu
Wakuu, habari za jioni. Nyumba yangu iko Kigamboni, hatua chache kutoka ufukweni. Fremu za madirisha ni nzima, tatizo ni ule urembo wa nje unaofunika ungio la fremu na ukuta. Niliweka mbao za msonobari. Masika ya pili zimepinda, na chini mchwa wameshaingia. Sitaki kurudia kazi hii. Niweke mninga, alumini au zege?

SeremalaMuheza
Pole sana ndugu. Msonobari usiotiwa dawa hauna maisha hapo. Mninga ni mzuri, hausinyai ovyo, ila mimi ningechukua msaji (mtiki). Huku kwetu unatoka shamba la Longuza. Una mafuta yake ya asili, mchwa hawaupendi. Lakini dai kiini tu! Ule ubao mweupe wa pembeni huliwa kama msonobari wako. Paka mafuta pande zote kabla hujaupachika, na vichwa, yaani ncha zilizokatwa, upake mara mbili, maana hapo ndipo ubao hunywa maji.

MamaNyali
Kwangu Mombasa ni alumini, mwaka wa saba huu, na bado nzuri. Kilichonitesa ni skrubu. Fundi alitia za chuma cha kawaida, zikashika kutu, na alumini kuzunguka matundu ikaanza kulika na kutoa unga mweupe. Metali mbili zikigusana penye maji ya chumvi, moja huliwa. Nilizing'oa zote nikaweka za stenlesi (chuma kisichoshika kutu), gredi 316, ile inayohimili chumvi zaidi. Jambo jingine: lipu imalizike kwanza. Saruji mbichi ikirukia alumini huacha madoa yasiyotoka.

FundiLipu
Upande unaopigwa na upepo wa bahari, mimi nasema zege. Mchwa hana kazi hapo. Ila mchanga wa baharini usiguse: chumvi yake hubambua rangi, na nondo ikiwemo huoza ndani kwa ndani. Kizingiti cha chini kiinamie nje, kitokeze kama sm 5, na chini yake mwambie fundi achore mfereji mwembamba. Maji yakifika hapo hudondoka, hayarudi ukutani. Wengi huuruka mfereji huo, ndiyo maana unaona michirizi myeusi chini ya madirisha.

SeremalaMuheza
Kweli kabisa fundi. Hata ubao wa chini mimi huuchora hivyo hivyo.

PwaniKwetu
Asanteni sana. Basi upande wa bahari zege, na kibarazani ambako paa limetoka mbele, msaji. Nikishabandua msonobari, ule mwanya niuzibe na nini?

FundiLipu
Ukiwa mpana jaza lipu kwanza, uache ikauke vizuri. Mwembamba, silikoni ya nje inatosha. Ila ukuta upakwe rangi kabla, kwa sababu silikoni ya kawaida haishiki rangi.