London hadi Tokyo ni kilomita 9,600: saa 14 zinatoka wapi?

Swali
Habari zenu, ndugu. Nimepima umbali wa anga kati ya London na Tokyo nikapata takribani kilomita 9,600. Kwa kuwa ndege kubwa za abiria huruka kwa kasi ya kilomita 900 hivi kwa saa, nilitarajia safari isiyofika saa 11. Tiketi yangu ya Julai, ya moja kwa moja bila kutua popote, inasema naondoka saa 6 mchana na kufika kesho yake saa 4 asubuhi. Je, nitakaa angani saa 22?

Jibu la 1
Hapana. Saa za kwenye tiketi ni za mji husika, na mwezi Julai Tokyo iko mbele ya London kwa saa 8. (Majira ya baridi huwa 9, kwa sababu Uingereza hurudisha saa nyuma ilhali Japani haigusi saa zake.) Toa 8 katika 22, unabaki na 14.

Jibu la 2
Hesabu hiyo ni sahihi, ila bado kuna saa tatu ambazo hazijaelezwa. Chukua tufe la dunia, ushike uzi kwa kidole pale London, uuvute hadi Tokyo na kuukaza: utaona unapanda juu ya Skandinavia na kukatisha kaskazini mwa Siberia. Hizo ndizo kilomita 9,600 zako, na hadi mwanzoni mwa 2022 ndege zilifuata njia inayokaribiana na uzi huo kwa saa 12 hivi. Baada ya vita vya Ukraine kuanza Februari mwaka huo, Urusi na nchi nyingi za Ulaya zilifungiana anga, hivyo ndege nyingi sasa huzungukia kusini, kupitia Uturuki, Asia ya Kati na China. Walioumia zaidi, kwa maoni yangu, ni wasafiri wa Helsinki, ambao safari yao ya Tokyo ilitoka saa tisa na nusu hivi ikafika takribani 13.

Jibu la 3
Niongeze suala la upepo. Kasi ya 900 ni kasi ya ndege ndani ya hewa, wala si juu ya ardhi, na hewa yenyewe husogea. Mkondo wa upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi huwa mkali mno juu ya Japani wakati wa baridi, kiasi cha kuweza kupita kilomita 300 kwa saa. Ndiyo maana baadhi ya ndege za kurudi London huondoka Tokyo zikielekea mashariki, zikapita karibu na Alaska na Greenland: njia ni ndefu, lakini upepo unasukuma badala ya kuzuia. Usisahau pia kwamba muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoacha maegesho hadi inapoegeshwa tena.

Muulizaji
Nawashukuru, nimeujaribu uzi na nimeelewa. Nilikuwa nimechagua kiti cha dirishani ili niione Siberia. Sasa itanibidi niitazame Bahari Nyeusi.