Hasira barabarani: tupeane uzoefu, sisi wa Mombasa huzituliza vipi?

MwanaTudor:
Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Leo mchana pale Saba Saba nimeona watu wazima wawili wameacha magari katikati ya barabara, milango wazi, injini zanguruma, washikana mashati. Kisa? Kioo cha pembeni. Hata hakikuvunjika, kilikunjika tu. Nyuma yao matatu zimeshonana, honi juu ya honi, na jua la Machi mnalijua. Mmoja wao alikuwa na mtoto kiti cha nyuma, na sare zake za shule, katulia anakula kachiri za muhogo. Hakulia wala hakushtuka. Ni kama kwake lilikuwa jambo la kila siku.

Huyo mtoto ndiye aliyenifanya niandike. Hapa kila mtu yuko barabarani kwa njia yake, mwenye gari, wa matatu, wa tuktuk, wa kuvuka feri kwa miguu. Nataka visa vyenu, na zaidi nataka kujua mlichofanya moto ukazimika. Mawaidha ya "kuwa na subira" tumeyasikia tangu chuo cha Kurani. Leteni kitu mtu anaweza kukifanya akiwa na usukani mkononi na mwenziwe anamtukania mamake dirishani.

Dere_wa_Mtwapa:
Nianze mimi, maana najua sisi wa matatu ndio mtakaotusema.

Ukiona matatu inapita pembeni kwenye changarawe pale Kiembeni, unadhani dereva ana kichaa. Ntakueleza kilichomo kichwani mwake. Gari si lake. Tajiri ataka hesabu yake jioni, iwe mvua iwe jua. Kuna mafuta, kuna makanga (kondakta), kuna watu wa steji, na kuna yule wa kukusimamisha bila sababu mnayemjua wenyewe. Kila dakika ninayokwama Daraja la Nyali kuna abiria wanaonisubiri mbele, na mwenzangu aliyetangulia ndiye anayewazoa. Kwa hivyo ukinikatia, mimi sioni gari limeingia. Naona pesa yangu imetoka.

Sisemi hivyo mtuonee huruma. Nasema kwa sababu hasira nyingi za matatu hazikuanzia barabarani, na ukizijibu barabarani unamjibu mtu ambaye hata hakuwa akizozana nawe.

Halafu kuna muguka, yale majani ya kutafuna. Mtu aliyekesha akitafuna, asubuhi macho mekundu, ukimgusa bampa ataka kukutafuna wewe. Mimi kilichonisaidia ni kukataa zamu mbili mfululizo. Nilipoanza kulala usingizi wa maana matusi yalipungua yenyewe, mpaka makanga wangu akaniuliza kama naumwa.

Mama_Wawili_Nyali:
Asante kaka kwa ukweli wako, lakini niongeze upande wetu. Mwanamke akiwa nyuma ya usukani, kosa likiwa la nani haijalishi. La kwanza utakalosikia ni "rudi jikoni". Kuna makanga mmoja aliinama dirishani kwangu pale Kongowea akanitolea maneno siwezi kuyaandika hapa, na wanangu wako nyuma na mikoba yao.

Nilipandisha kioo. Sikumtazama usoni, maana nimegundua jicho ndilo linalowasha. Ukimtazama mtu umeshamwambia "endelea". Lakini sikuliacha likapita vilevile. Nilisoma nambari ya gari, mtoto wangu mkubwa akaiandika, na kesho yake nilikwenda mpaka ofisi ya sako yao, chama cha wenye matatu. Mzee niliyemkuta alinisikiliza, akanipa kiti, akaahidi. Kijana alitolewa kwenye gari kwa muda, kisha nikamwona amerudi. Haya. Lakini siku aliporudi alinitambua, akasema "Shikamoo mama."

Kwa hivyo mimi sikubaliani na wanaosema hasira ni mbaya. Hasira yangu ilinifikisha ofisini. Ningeitumia palepale Kongowea ingenifikisha wapi?

Boda_Kisauni:
Mama umesema. Ila hiyo ya kupandisha kioo ni ya wenye vioo. Mimi nikikatiwa mbele niko chini na goti limechunika, na aliyenikatia hata hajajua.

Trela_Miritini:
Nawasalimu kutoka kwenye usukani mkubwa (nimeegesha, msinisute).

Nina jambo moja nataka wenye magari madogo walisikie. Ukiniona kwenye barabara ya Nairobi nimeacha nafasi mbele yangu, usidhani nimesinzia. Trela la ekseli sita likijaa lafika tani 50. Breki zake ni za upepo, nikikanyaga upepo wasafiri kwanza mpaka kule nyuma ndipo magurudumu yashike. Ile nafasi uliyoiona mbele yangu ndiyo breki zangu. Wewe unajichomeka pale na Vitz yako, unakanyaga breki kwa sababu umeona mama muuza maembe wa Mazeras, halafu nikipiga honi unatoa mkono nje.

Zamani nikifanyiwa hivyo nilikuwa nikimfuata mtu kwa taa kali na honi hadi Mariakani. Mzee mmoja wa kazi hii, aliyeanza enzi ambazo karibu kila kontena lilipanda bara kwa lori kabla ya reli mpya ya 2017, aliniambia: "Akiingia, rudi nyuma umpe nyingine." Basi. Mtu ameingia, naachia mafuta, natengeneza nafasi upya. Akiingia wa pili, naachia tena. Nilidhani nitafika nimechelewa saa nzima. Tofauti hata sikuiona, maana wote hao nawakuta mbele kwenye foleni ileile.

Sista_Zamu_ya_Usiku:
Mimi ni muuguzi, nitasema ninayoyaona kazini.

Wikendi tunapokea mikono iliyovimba upande wa kidole cha mwisho. Kuna mfupa wa kiganja chini ya kidole hicho ambao huvunjika mtu akirusha ngumi kwenye kitu kigumu. Na mara nyingi kinachopigwa si yule adui. Ni boneti, ni mlango wa gari lake mwenyewe, ni ukuta wa nyumbani. Anakaa na plasta wiki kadhaa, na yule aliyemuudhi keshafika kwake Mshomoroni anakula wali.

Kimwili huwa hivi. Ukishtuliwa, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo waenda mbio, damu yakimbilia misuli, mikono yatetemeka. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia, nawe umefungwa mkanda kwenye kiti, huwezi hili wala lile. Adrenalini yenyewe haikai sana kwenye damu. Tatizo ni kwamba ukiendelea kulirudia jambo kichwani ("angejua mimi ni nani!") unaiita tena na tena. Ndio maana mtu anakasirika akiwa Buxton na anafika Bamburi bado anatetemeka.

Kitu cha kufanya na usukani mkononi, kama ulivyouliza MwanaTudor: toa pumzi polepole, iwe ndefu kuliko unayoivuta. Rudia mara kadhaa. Kutoa pumzi kwa urefu hupunguza mapigo ya moyo, wala haihitaji uamini chochote.

Na joto si kisingizio tu. Watafiti wawili, Kenrick na MacFarlane, walichapisha utafiti wao 1986 kutoka Phoenix, Arizona. Gari lilisimamishwa kwenye taa, ikawaka kijani na halikuondoka, wakahesabu honi za waliokuwa nyuma. Kadiri joto lilivyopanda ndivyo honi zilivyozidi, hasa kwa waliokuwa na madirisha wazi. Na Phoenix ni jangwa kavu. Sisi tuna Machi na unyevu wa bahari juu yake, shati limegandana na kiti. Weka chupa ya maji garini. Na usitoke na njaa.

Tuktuk_Likoni:
Hiki changu nilikishuhudia kwa karibu mpaka leo nacheka.

Nimembeba nyanya mmoja na buibui lake, kikapu cha samaki miguuni, natoka naye Marikiti. Digo Road imeshikana. Gari kubwa nyeusi likageuza ghafla, tuktuk yangu ikaligusa ubavuni. Mkwaruzo mdogo wa kidole. Jamaa akashuka na spana ya magurudumu. Kijana kifua hiki! Mimi nimeshikwa na baridi, natafuta pa kuruka.

Nyanya akateremka. Polepole, maana goti lasumbua, huku akijishika kwenye mlango. Akasimama baina yangu na spana, akamtazama kijana, akamuuliza: "Wewe ni wa nani?"

Kijana: "Nyanya, kaa kando."

"Nakuuliza wewe ni wa nani. Pua hiyo naijua. Wewe si wa Kuze wewe?"

Wallahi niliona spana inashuka kidogo kidogo. Akataja jina la babake. Nyanya akataja la bibiye, akataja na nyumba, akataja harusi aliyopika yeye. Kisha akamwambia, "Basi tia chuma chako garini, watu watakuona." Akakitia! Akamsaidia nyanya kupanda, akainama kuokota samaki, changu, aliyekuwa ameanguka kutoka kikapuni, akamrudisha. Kwangu mimi hakusema neno, hata pole. Lakini nilikuwa mzima.

Mja_wa_Kibokoni:
Nimecheka mpaka nimeamsha watu. Mji wa Kale hapapiganwi, kila unayemkunjia ngumi ni ami yako au mtoto wa shangazi.

MwanaTudor:
Hii ndiyo dawa tuliyoipoteza. Kwenye gari mtu hana jina, hana mama, ana nambari tu. Lakini nyanya hatutampata kila tuktuk. Wengine?

Mwalimu_wa_Chuo_Majengo:
Ndugu zangu, mawaidha mmeyakataa, lakini hili ni la vitendo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayekasirika naye amesimama akae, hasira zisipomtoka alale. Na udhu pia umetajwa.

Dere_wa_Mtwapa:
Mwalimu, na heshima zote. Dereva keshakaa. Sasa alale?

Mwalimu_wa_Chuo_Majengo:
Haha, umenikamata vizuri. Lakini tazama maana yake. Aliyesimama yuko karibu na kupiga kuliko aliyekaa, na aliyekaa yuko karibu kuliko aliyelala. Kila hatua yakuondoa kwenye kitendo. Kwa dereva basi, kushuka garini ni kuusogelea ugomvi, kubaki ndani ni kujitenga nao, na kutoka barabarani kabisa ukaegesha ndiko kulala kwake. Mimi nina chupa ya maji chini ya kiti. Nikihisi uso unawaka naegesha, nanawa uso na mikono. Watu wadhani nimekawia sala.

Ramadhani ndiyo mtihani. Nusu saa kabla ya magharibi kila mtu ataka kufuturu kwake, na hapo ndipo wenye swaumu wanatukanana. Tende tatu kwenye kibweta cha gari. Adhana ikikukuta Makupa, futuru hapohapo, haraka imekwisha.

Karani_wa_Kesi:
Kwa wale wa spana: ukimpiga mtu ukamjeruhi, kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu chaweza kukupa hadi miaka 5. Mkigongana, piga picha magari yakiwa palepale, kisha yaondoeni njiani, nendeni polisi mkachukue abstrakti (karatasi ya polisi kuhusu ajali), bima zimalizane. Kioo cha pembeni hakistahili wakili.

Boda_Kisauni:
Nimerudi. Nataka kusema kuhusu kundi, maana mnatuogopa na mna haki kidogo.

Boda akigongwa, wenzake hufika haraka kuliko polisi na ambulansi. Hapo ndipo mambo huharibika. Watu ishirini hawajui aliyekosa ni nani, kila mmoja ana lake la asubuhi, na dereva wa gari anaona umati anakanyaga mafuta akimbie, akikimbia ndio amejimaliza. Ile si hasira ya mtu, haina mwenyewe wa kuituliza.

Steji yetu tulikubaliana hivi. Wa kwanza kufika anamshughulikia aliyeumia, hamgusi dereva. Wa pili anapiga picha ya nambari. Anayeongea na dereva ni mwenyekiti peke yake, wengine nyuma. Na dereva anaambiwa mapema, "Hutaguswa, usiondoke." Hilo neno moja limeokoa magari, na limewapatia wenzetu pesa za matibabu, maana dereva aliyebaki analipa. Aliyekimbia utamdai wapi? Hatufaulu kila mara. Kuna vijana wa steji nyingine hawataki kusikia.

Bi_Mikindani:
Nyote mmeongea ya barabarani. Mimi sina gari, lakini hasira za barabarani nazijua, zinaletwa kwangu kila jioni. Mume wangu anaendesha basi la shule. Watoto hamsini nyuma wanaimba, mbele matrela ya bandarini. Kutwa nzima hawezi kumjibu mtu kwa sababu ya watoto. Akifika mlangoni, chumvi ikizidi kidogo tu, nyumba inatikisika.

Sikumhubiria. Nilimwambia, "Baba fulani, ukifika usiingie." Akakasirika kwanza! Lakini sasa akifika anapita barazani kwa wenzake, anakunywa kahawa tungu vikombe viwili na kashata, anawasimulia matusi yote aliyoyameza, wanacheka, kisha anaingia kuoga. Akija kwangu amekwisha kuyatema. Wanawake wengine waniambia nimemruhusu kuzurura. Waacheni.

MwanaTudor:
Bi Mikindani, hiyo naichukua. Trela_Miritini, swali la mwisho kwako kwa leo: kwenye foleni ya siku nzima, ambapo hakuna wa kumpisha wala pa kwenda, unafanyaje?

Trela_Miritini:
Niko kwenye hiyo foleni sasa hivi, mizani ya malori ya Mariakani, haijasogea tangu alasiri. Nimeteremka, nimetandika mkeka chini ya trela kwenye kivuli, tanboi, msaidizi wangu, anapika chai. Nyuma yetu kuna jamaa anapiga honi. Sijui anampigia nani, mizani haina masikio. Tanboi ameniuliza tumwite aje anywe. Nimemwambia amwite, ila aje na sukari yake, yetu imekwisha.