Naomba ushauri: tutapimaje mpango wetu wa usalama wa baiskeli?

Habari zenu ndugu. Niko Tororo, Uganda, kwenye kikundi cha waendesha baiskeli: wabeba abiria, wauza maziwa, wanafunzi. Barabara ya kwenda Malaba, mpakani na Kenya, imejaa malori ya Mombasa, na giza likiingia baiskeli isiyo na taa haionekani kabisa. Tunataka kugawa viakisi mwanga, kufundisha vijana kukagua breki, na kuuomba uongozi wa mji uzibe kingo za lami zilizomeguka.

Kinachonisumbua ni tathmini. Mfadhili anataka tuonyeshe ajali zimepungua. Lakini kwa mji mdogo ajali mbaya ni chache, hupanda na kushuka zenyewe; mwaka mmoja hauthibitishi kitu. Tena kwenye kumbukumbu za polisi hayumo aliyeteguka mkono akaenda kukandwa nyumbani. Nafikiria tuhesabu baiskeli zenye taa au viakisi kwenye makutano yaleyale, siku na saa zilezile, kabla na baada, kisha tulinganishe na mji jirani ambao hatujaugusa. Kugawa vifaa si matokeo, ni matumizi ya pesa tu (nimechoka kulieleza hilo vikaoni).

Nani amewahi kufanya hesabu kama hii? Mliwatumia wanafunzi au watu wa kulipwa? Zahanati zilikubali kuwapa idadi ya majeruhi bila majina? Na helmeti, kuna anayeivaa kweli kwenye joto hili, au pesa hiyo tuitie kwenye taa?